Viazi vya Mbegu Kwenye Karai la Mchanga

Wenzangu mliobaki kazini huku Bariadi na Itilima, mmenisumbua wiki nzima niandike nilivyofanya kazi. Haya, naandika, ila asije mtu kunisahihisha. Habari ya vyeo naiacha; vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Nitaandika habari ya viazi. Pamba ina watu wengi wa kuisemea, na mpunga una wenyewe. Kiazi hakina mtu. Hakuna anayekiulizia mpaka mwezi wa pili, nyumbani hamna kitu na mahindi yangali shambani, ndipo kila mji unakumbuka kwamba ulichelewa kupanda.

Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu ukisema kiazi unamaanisha kile cha mviringo, na mbegu yake ni kiazi chenyewe. Mama alikuwa akichagua vyenye ukubwa wa yai la kuku, anavitandaza sakafuni kwenye chumba chenye mwanga kidogo, macho yakitazama juu, na ole wake mtoto atakayevikanyaga. Vikishatoa machipukizi mafupi manene tunavibeba taratibu mpaka shambani. Vilivyotangulia kuchipua ndivyo vilivyotangulia kuvunwa na kuliwa. Hayo ndiyo niliyoyajua nilipopangiwa kazi Bariadi, nikiwa na cheti kipya, sanduku la bati, na viatu ambavyo tope la mbugani lilivimeza msimu wa kwanza tu.

Siku ya kwanza ofisini Ngulyati nilimkuta Mzee Masunga, afisa aliyekuwa na jukumu la kunifundisha kazi. Alikuwa na pikipiki moja ya ofisi, ambayo aliipenda kuliko ofisi. Baada ya salamu nikamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mzee, ghala la mbegu za viazi liko wapi?"

Akavaa kofia, akasema, "Twende."

Tukavuka barabara hadi mji wa jirani. Akabisha, akasalimia watu wote hadi mtoto wa mgongoni, kisha akanizungusha nyuma ya bafu la mabua. Pale maji ya kuogea yalipotokea palikuwa na marando machache yametambaa, ya kijani, yananuka sabuni.

"Ghala ndilo hili," akasema. "Watoto wa hapa wakigoma kuoga, kata nzima haina mbegu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Huku kiazi ni kitamu, na mbegu yake ni rando, yaani ule mmea unaotambaa. Kiangazi kinaingia mwezi wa sita, na hadi mvua za mwezi wa kumi na moja marando yote ya shambani yamekauka au yamekwenda tumboni mwa ng'ombe. Yanabaki ya nyuma ya bafu, na ya wale wenye bahati ya kuwa na kipande kando ya lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mvua ikinyesha, kila mtu anayataka siku hiyohiyo.

Mzee Masunga alinifundisha mambo mawili tu kwa muda wa miaka mitatu, mengine yote niliyaokota mwenyewe. La kwanza ni kutokuwa na haraka ya kutoa daftari. "Wewe binti," aliniambia, "unafika kwa mtu unauliza viazi kabla hujauliza watoto. Mtu huyo ataanza kukujibu wapi?" Basi nikajifunza kusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, kumwita mama mwenye mji mayu, na kukaa pale nilipoonyeshwa hata kama jua linanichoma. La pili ni chakula. "Ukiwekewa, kula. Usiseme umeshiba, usiseme una safari. Mgeni akiondoka kwa mtu na njaa, mwenye mji atasemwa mwaka mzima." Hilo nililishika sana. Mwili huu mnaouona ni matokeo ya utumishi wa umma.

Watu waliniita bwana shamba tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ingawa ni mwanamke na nilizaa watoto watatu mbele ya macho yao. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha. Baadaye nikaona ni kupoteza muda, nikawa bwana.

Sasa niwape kazi yenyewe, maana najua wengine mnasoma mkitafuta hiyo. Rando la kupanda likatwe nchani, urefu wa kama shubiri moja na nusu. Sehemu ya chini karibu na shina iacheni. Huko ndiko fukusi, yule mdudu anayetoboa viazi, anakotaga mayai, na ukiipanda umempanda na yeye. Baada ya kukata, weka kivulini siku moja au mbili lilegee. Watu wanaogopa wakiliona limelegea, wanadhani limekufa, lakini rando lililolegea kidogo halikatiki wakati wa kupanda na linatoa mizizi haraka. Kwenye tuta, fukia theluthi mbili, acha theluthi moja juu. Udongo uwe ule wa kichanga unaoitwa luseni. Kwenye mbuga nyeusi kiazi kinakua ila kukichimba ni kama kuchimba msingi wa nyumba. Kamba ya kupimia muwe nayo, lakini akina mama wa huku wanapima kwa unyayo, na safu zao zimenyooka kuliko zangu.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha chuoni ni kwamba marando hayauzwi kwa jirani. Yanaombwa. Kumwuzia jirani marando ni aibu kubwa, watu watakuuliza kama na moto wa jikoni unauza. Nilipokuwa mgeni niliona ni utaratibu mzuri ajabu, nikauandika kwenye ripoti kama mfano wa kuigwa. Ilinichukua miaka kuuona upande wa pili, na aliyenionyesha ni Mbuke wa Migato.

Mbuke nilimfahamu miaka yangu ya mwisho kazini, nilipohamishiwa upande wa Itilima. Mumewe alikuwa amehama na ng'ombe kwenda Katavi kutafuta malisho, akasema atarudi mvua zikianza. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena, mara nne kwa hesabu ya Mbuke. Alibaki na watoto wanne na shamba zuri la luseni. Marando alikuwa hana, maana kwake maji yalikuwa ya kuchota kwenye visima vya mchangani mtoni, na mtu anayebeba maji hivyo haogi mpaka bafu lifurike. Aliyekuwa na marando alikuwa Nkwimba, mke wa kaka mkubwa wa mumewe, ambaye kipande chake kilipakana na lambo.

"Simsemi vibaya," Mbuke aliniambia siku moja tukiwa tumekaa mlangoni kwake. "Dada Nkwimba haninyimi. Ananipa. Ila anakata kwanza ya kwake, anakata ya wakwe zake, anakata ya rafiki zake wa kanisani, halafu ananiambia nirudi yakishaota tena."

"Na unarudi?"

"Nisiporudi nitapanda nini, bwana shamba? Mawe?"

Kwa hiyo wenzake walipanda mwezi wa kumi na moja, yeye mwezi wa kwanza. Wenzake wakaanza kuchimba mwezi wa pili, yeye akawa anapalilia. Halafu jua la katikati ya msimu likaja likakuta viazi vyake havijashika, vikabaki mizizi membamba isiyofaa hata kwa nguruwe. Lakini hicho sicho kilichomuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwezi wa pili, saa ya chakula, watoto wake walikuwa wanakwenda kwa Nkwimba.

"Hawaombi," alisema. "Wanakaa tu pale uani wanatazama sufuria ya watu. Naenda nawavuta mkono mmoja mmoja nawarudisha nyumbani, na nyumbani hakuna kitu. Mwaka huu nataka nipande na mvua ya kwanza. Nikipanda na mvua ya kwanza, mwezi wa pili watoto wangu hawatatoka."

Alisema hivyo bila kulia. Mimi niliandika "mbegu ya mapema" kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake.

Msukuma anajua kuhifadhi kiazi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anakikata kibichi na kukianika kinakuwa michembe, au anakichemsha kwanza ndipo anakikata na kukianika kinakuwa matobolwa, na vyote vinakaa miezi. Lakini hapo kiazi kimeshakufa, kinafaa kwa sufuria tu. Kwenye semina moja tulifundishwa kukihifadhi kikiwa hai, ndani ya mchanga mkavu, mpaka kiangazi kipite, kisha kukipanda kitaluni kitoe marando. Niliposikia nilimkumbuka mama yangu na sakafu yake, nikaona kumbe sikuwa mjinga siku ile nilipouliza ghala. Nilikuwa nimewahi tu.

Nikakusanya akina mama ishirini Migato. Nilipowaambia wazike viazi kwenye karai walicheka mpaka mmoja akalala chini. "Bwana shamba, vimefiwa au vimekufa vyenyewe?" Nikangoja wamalize. Nikawaeleza: wakati wa kuvuna mwezi wa sita au wa saba, chagua viazi vya wastani visivyo na tundu wala jeraha. Vilaze ndani siku chache. Chukua karai au chungu, tandika gazeti kavu, weka mchanga wa mtoni uliokauka, panga viazi visigusane, funika na mchanga, panga tena, funika, na juu uache mchanga upana wa vidole vinne. Weka ndani ya nyumba mahali pa baridi, mbali na panya na mbuzi. Kila mwezi fukua, toa kilichooza na chenye fukusi, na chipukizi likiwahi kutoka ulikwanyue. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipeleke kitaluni karibu na nyumba, zungushia miiba, mwagilia. Kiazi kimoja kinaweza kukupa vipande kama arobaini vya kupanda.

Mwaka wa kwanza niliwaharibia. Mchanga tuliuanika juu ya mabati, na mimi nikiwa na haraka ya kuwahi kikao, saa nane mchana nikawaambia wajaze. Nilijua wazi kwamba mchanga unatakiwa upoe. Baada ya wiki tatu Mbuke alikuja ofisini na karai kichwani, akalitua juu ya meza yangu, juu ya faili kabisa, akafunua kanga. Harufu ilijaza chumba.

"Onja," akasema. "Vimeiva."

Nikamwomba radhi. Akasema haidhuru, kisha akasimama pale mpaka nikaubeba ule uozo kwenda kuumwaga mwenyewe. Mwaka ule alirudi kwa Nkwimba kama kawaida.

Mwaka wa pili hakuniruhusu hata kugusa. Alianika mchanga, akaulaza siku nzima kivulini, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko kuhakikisha. Akapanga viazi thelathini na sita. Karai akaliweka nyuma ya kitanda chake, akalifunika, na watoto wakaambiwa kwamba atakayeligusa atahamia Katavi kwa baba yake. Kila mwezi nilipita, tunafukua pamoja. Viwili tulivitoa kwa fukusi. Mwisho wa mwezi wa nane vilibaki thelathini na vinne, vigumu, vizima, ngozi inang'aa. Kitalu kilikuwa tayari, miiba imezungushwa, na tulikubaliana katikati ya mwezi wa tisa vinaingia ardhini. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilipita njiani nikiimba, mtu wa umri wangu.

Hapo ndipo ilipokuja simu kwamba wageni wa mradi mmoja wanataka kuona mkulima wa mfano. Nikasema ninaye. Nilitakiwa kumpelekea Mbuke taarifa, hata kwa kumtuma mtu anayerudi kutoka mnadani. Sikumpelekea. Nilitaka wamkute vilevile alivyo, waone hakuna maandalizi, wajue bwana shamba wao anafanya kazi kweli. Hayo yalikuwa majivuno, na ninyi mkiyaona kwenu myakate mapema.

Tulifika karibu saa sita mchana, wageni wanne na mimi. Mbuke alitupokea vizuri, akaazima viti kwa jirani, akapiga goti akatusalimia mmoja mmoja. Wageni wakatoa fomu zao. Zilikuwa na maswali mengi: idadi ya kaya, umbali wa maji, kama anamiliki redio. Alijibu machache, akamwachia mama mmoja wa kikundi aendelee, yeye akaingia ndani. Nikaona moshi jikoni. Nikadhani anachemsha chai.

Baada ya muda binti yake mkubwa alitoka na maji ya kunawa, kisha akaleta sinia lililofunikwa. Lilipofunuliwa, mvuke ukapanda. Viazi vya kuchemsha, vimepangwa vizuri, na bakuli la maziwa mgando pembeni.

Mwisho wa mwezi wa nane, Migato, hakuna mtu mwenye kiazi kibichi nje ya karai la mbegu. Nisiseme sikujua. Nilijua mkono wangu ukiwa umeshachukua cha kwanza. Nilimtazama Mbuke, yeye akatazama miguu ya viti. Kama ningekirudisha siniani ningekuwa nimewatangazia wageni kwamba mji huu hauna chakula, mbele ya majirani wote waliosimama uani. Nikala. Nikala viwili.

"Aisee, vitamu hivi!" kiongozi wa wageni akasema, akichukua cha tatu. "Hii ni mbegu gani?"

Nikamtajia jina la mbegu, kitaalamu kabisa.

Walipomaliza wakanawa. Yule kiongozi akafungua fomu ukurasa mpya. "Haya mama, ahsante sana. Sasa tuonyeshe hilo karai la mbegu."

Mbuke alikuwa anakusanya maganda. "Ndiyo hiyo mmekula," akasema.

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni utani wa Kisukuma. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akainamia fomu yake. Kiongozi aliuliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwa nini amefanya hivyo.

"Wageni mmefika," Mbuke akajibu.

Waliondoka bila kelele. Mimi nikabaki. Nilikuwa na hasira na sikujua nimwelekezee nani, kwa hiyo nikamwelekezea yeye.

"Mbuke, kwa nini? Si ungewapikia michembe? Wangekula tu!"

"Michembe iliisha mwezi uliopita."

Kila mwezi nilikuwa nafika pale, nahesabu viazi karaini mpaka kimoja kimoja, na sikuwahi kumuuliza wanakula nini. Watoto walikuwa wanalala na njaa kando ya karai lile na hawakuligusa. Lilikuja kuguswa kwa ajili yetu, sisi tuliokunywa chai na chapati Bariadi asubuhi ileile. Mkifundisha mambo ya mchanga, ulizeni kwanza habari ya sufuria. Mimi sikuuliza.

Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "Na wewe mayu, kwako una makarai mangapi?"

Sikuwa na hata moja. Miaka yote nilikuwa nanunua viazi sokoni kama mwalimu wa hesabu au polisi. Nikamwambia ukweli. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia uani.

Viazi vilivyobaki vilikuwa sita. Aliviacha kwa sababu vilikuwa vidogo mno kumpa mgeni. Nilitaka niende kwa wale wenzake wa kikundi nimwombee viwili viwili, akakataa katakata. "Marando nimeomba miaka minne. Nikianza kuomba na viazi, nitakuwa nimebakiza nini cha kwangu?" Basi vikaingia kitaluni vile sita, nusu hatua kutoka kimoja hadi kingine, kwenye kitalu kilichochimbwa kwa ajili ya thelathini na vinne. Kilionekana kitupu sana.

Nilimwambia njia iliyobaki: rando likifika urefu wa mkono, tunalikata nchani na kulipanda palepale kitaluni, nalo lizae jingine. Inahitaji maji asubuhi na jioni bila kukosa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nabeba madumu mawili ya maji kwenye pikipiki kila nipitapo Migato, na nilihakikisha napita. Kwenye ripoti niliandika "ufuatiliaji." Mbuke hakunishukuru, na ningejisikia vibaya zaidi kama angenishukuru. Alikuwa anapokea dumu, anamwagilia polepole kwa kopo, shina kwa shina, na mabaki ya maji ya kuoshea vyombo nayo anayaleta.

Mwezi wa kumi ulipokwisha kitalu kilikuwa kimefunga, udongo hauonekani. Kwa macho yangu yalikuwa marando ya kutosha matuta kumi. Si shamba lote, lakini matuta kumi ya viazi vya mapema ni chakula cha watoto wanne mpaka mahindi. Mbuke aliyanyanyua matuta yake kumi kabla ya wingu lolote kuonekana, akayasawazisha, akayaacha yanangoja.

Mwaka ule lambo lilikauka. Ng'ombe wa vijiji vitatu walishuka kutafuta maji kwenye tope, wakavunja uzio wa Nkwimba, wakala marando yake mpaka mizizi, na walipoondoka pale palikuwa vumbi na kwato. Wote waliozoea kuomba kwake hawakuwa na pa kuomba, maana vitalu vya wanakikundi viliwatosha wenyewe tu.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, ya kutosha. Saa nne nilikuwa Migato. Mbuke alikuwa ameinama kitaluni na kisu, anakata, anapanga mafungu kwenye kivuli cha nyumba. Kuilegeza mbegu hakukuwa na nafasi tena. Ndipo akaja binti wa Nkwimba, akasimama nje ya miiba.

"Mama amesema unipe marando."

Mbuke hakuinua kichwa. "Mwambie mama yako aje mwenyewe."

Binti akaondoka. Nakiri nilifurahi. Nilijisemea moyoni, haya, leo ni leo.

Nkwimba alikuja. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye heshima zake kijijini, na alikuja kwa miguu kwenye tope, peke yake. Alisimama palepale aliposimama binti yake. "Mwadila, mayu," akasema, ingawa mchana ulikuwa bado. Mbuke akaitikia. Nkwimba akawa anatazama yale mafungu kivulini. Alikuwa na watu tisa kwenye mji wake, na matuta yamenyanyuliwa, nami niliyaona nilipopita.

"Nimekuja kuomba marando," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimvuta Mbuke pembeni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Usigawe sasa. Yanakutosha wewe tu. Panda yote leo, kitalu kitaota tena, umpe baada ya wiki sita. Si atangoja? Atangoja tu." Ulikuwa ushauri sahihi, hata leo kwenye semina ningeutoa. Na ndani yake kulikuwa na kisasi changu kidogo, ambacho hakikuwa hata changu.

Mbuke alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, si kwa sauti ya chini.

"Wiki sita wewe umezisoma, bwana shamba. Mimi nimezikaa."

Akaenda kwenye kivuli, akagawa mafungu sawasawa, la huku, la kule. Nkwimba alivua kanga ya mabegani akaitandika chini, na Mbuke akamwekea mkono kwa mkono, zile ncha nzuri, si za chini. "Panda leo leo, dada," akamwambia. "Kesho udongo utakuwa umekauka." Nkwimba alifunga mzigo, akaondoka haraka na kanga yake kichwani.

Matuta kumi yakawa matano. Nilivua viatu nikaingia kumsaidia, na tulipanda mpaka saa tisa. Mwezi wa pili alianza kuchimba, kwa kubana mno, kiazi kimoja hapa palipopasuka tuta, kimoja pale, anafukia tena. Mwezi wa tatu nilipita kumuaga, maana muda wangu wa kustaafu ulikuwa umefika. Ilikuwa saa ya chakula. Nilisimama njiani na pikipiki nikahesabu watoto uani kwake, mmoja, wawili, watatu, wanne. Wote walikuwa kwao, wanakula.